Mikono Inayojenga Uso Upya: Udaktari Bingwa wa Upasuaji wa Uso Jijini Sydney

Upasuaji wa uso ni tawi la tiba ambalo umma hulijua kwa sehemu yake ndogo na kuisahau ile iliyolizaa. Anapotajwa daktari bingwa wa upasuaji huo katika jiji la Sydney, wengi hufikiria watu wenye uwezo wanaokwenda kupunguza pua, kuondoa makunyanzi au kuinua kope zilizolegea, ilhali katika hospitali za umma za jiji hilo daktari huyohuyo huhudumia wagonjwa wa namna nyingine kabisa: mzee ambaye saratani imemla bawa la pua, kijana aliyevunjika taya katika ajali ya pikipiki, mfanyakazi aliyeunguzwa na mvuke, mtoto mchanga aliyezaliwa na mdomo sungura. Kazi ya urembo ilichipuka kutokana na kazi hii ya kurudisha kilichopotea, nayo haiwezi kufanywa kwa usalama na mtu ambaye hakupitia huko kwanza.

Njia ya kuifikia kazi hii nchini Australia ni ndefu. Chuo Kikuu cha Sydney huwapokea watu waliokwisha kupata shahada nyingine na kuwafundisha udaktari kwa miaka minne, ilhali Chuo Kikuu cha New South Wales, kilichomo katika jiji hilohilo, kwa kawaida huwachukua vijana waliomaliza sekondari na kukaa nao kwa miaka sita. Hufuata mwaka mmoja wa udaktari tarajali, yaani mwaka wa kufanya kazi hospitalini chini ya uangalizi kabla ya kupata usajili kamili, kisha miaka kadhaa ya kuzunguka wodi mbalimbali huku daktari kijana akigombea nafasi chache za mafunzo ya ubingwa. Mafunzo yenyewe husimamiwa na Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Upasuaji cha Australasia, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1927 na inayozihudumia Australia na New Zealand kwa pamoja. Huchukua takriban miaka mitano na humalizika kwa mtihani wa kuandika, wa mdomo na wa kumkagua mgonjwa mbele ya watahini. Wengi huongeza mwaka mmoja au miwili ya kubobea, mara nyingi ng'ambo, hivyo yule anayefungua chumba chake cha kuonea wagonjwa katika mtaa wa Macquarie, ambao kwa vizazi vingi umekuwa mtaa wa madaktari bingwa wa Sydney, huwa amekwisha kutumia miaka kumi na miwili au zaidi tangu alipoanza kusoma tiba.

Uso una milango zaidi ya mmoja ya kuingilia. Baadhi hupitia upasuaji rekebishi, unaoshughulikia ngozi na maumbile ya mwili mzima. Wengine hutoka katika ubingwa wa masikio, pua na koo. Wengine ni mabingwa wa kinywa na taya, ambao nchini Australia hutakiwa kuwa na shahada mbili, ya meno na ya udaktari. Na upasuaji mwingi wa kope hufanywa na madaktari wa macho.

Sababu ya kudai miaka mingi kiasi hicho iko chini ya ngozi ya shavu. Humo imo neva ya uso, yaani mshipa wa fahamu unaoiamuru misuli ya uso, ambao hutoka kwenye fuvu chini ya sikio, hupenya ndani ya tezi kubwa ya mate iliyo mbele ya sikio, na humo hugawanyika kuwa matawi makuu matano yanayoelekea kwenye paji la uso, kwenye mfupa wa shavu, shavuni penyewe, kwenye taya na shingoni. Tawi la juu likikatwa, nyusi ya upande huo haitainuka tena. Likikatwa lile linalopita ukingoni mwa taya, mdomo utakwenda upande kila mgonjwa anapocheka. Mahali pengine mwilini kosa la milimita mbili huenda lisijulikane na yeyote ila aliyelifanya, lakini usoni kosa hilo husomwa na kila anayesalimiana na mgonjwa, na mgonjwa mwenyewe hulisoma katika macho ya watu. Ndiyo maana mwanafunzi wa kazi hii hufundishwa kwanza kukata kwa kufuata mikunjo ya asili ya ngozi ili kovu lijifiche humo, kushona kwa nyuzi nyembamba mno, na kuziondoa baada ya siku tano hadi saba, kwa kuwa uzi unaokaa zaidi ya hapo huacha alama zake wenyewe pembeni mwa kovu.

Kinachomletea daktari wa Sydney wagonjwa wengi ni jua. Jiji hilo liko karibu nyuzi 34 kusini mwa ikweta, na kwa kuwa dunia hulikaribia jua zaidi mwezi Januari, kiangazi cha nusu ya kusini huwa na mionzi mikali kuliko kiangazi cha kaskazini. Wengi wa wakazi wake ni wazao wa watu waliotoka katika nchi za mawingu za Ulaya wakiwa na ngozi isiyo na kinga ya kutosha, nao wamelelewa katika utamaduni wa kushinda ufukoni, Bondi na Manly. Australia ina kiwango cha saratani ya ngozi kilicho miongoni mwa vikubwa kabisa duniani, na inakadiriwa kwamba angalau watu wawili kati ya watatu nchini humo hugundulika na aina fulani ya ugonjwa huo kabla ya kufikisha umri wa miaka 70. Kampeni ya mwaka 1981 iliyowahimiza watu kuvaa shati, kupaka dawa ya kukinga jua na kuvaa kofia iliwafikia karibu watu wote, na jimbo la New South Wales lilipiga marufuku biashara ya mashine za kubabua ngozi mwishoni mwa mwaka 2014. Lakini mionzi iliyoingia utotoni hudai deni lake miaka arobaini baadaye, na mahali inapolidai zaidi ni pale pasipofunikwa na nguo, yaani puani, masikioni, midomoni na kwenye kope.

Kujenga pua iliyoliwa na saratani ni kazi inayoonyesha undani wa taaluma hii kuliko nyingine yoyote, na inafaa kuelezwa hatua kwa hatua. Kwanza ugonjwa wote lazima uondoke. Njia moja iliyobuniwa na daktari wa Marekani Frederic Mohs katika miaka ya 1930 ni kukata tabaka jembamba, kulipima kwa hadubini wakati mgonjwa bado anasubiri, na kurudi kukata mahali palepale seli za saratani zilipoonekana, hadi pasibaki kitu. Kinachofuata ni shimo, nalo haliwezi kuzibwa kwa kipande cha ngozi tu, kwa maana pua ina tabaka tatu: utando wa ndani wenye unyevu, kiunzi cha gegedu kinachozuia matundu yasizibane mtu anapovuta pumzi, na ngozi ya juu. Gegedu hukatwa sikioni au ubavuni na kuchongwa kwa kisu kidogo. Ngozi huchukuliwa kwenye paji la uso, ambako rangi na unene wake hukaribiana na vya pua, lakini haikatwi yote: kipande hicho huachwa kimeshikamana na mshipa wake wa damu karibu na ncha ya ndani ya nyusi, hupinduliwa kushuka hadi puani na kushonwa. Kwa muda wa wiki tatu hivi mgonjwa huishi akiwa na daraja la ngozi linalopita kati ya macho yake, hadi ngozi iliyohamishwa inapoota mishipa mipya ya damu mahali pake pa sasa. Ndipo daraja hilo hukatwa na nyusi kurudishwa mahali pake. Katika wiki hizo tatu kazi ya daktari ni pia kumwandaa mgonjwa na jamaa zake kwa atakachokiona kwenye kioo, na daktari anayeiachia kazi hiyo karatasi ya maelezo huwa hajatimiza wajibu wake.

Mwaka 1985 madaktari wawili wa Marekani, Gary Burget na Frederick Menick, walieleza kwamba jicho la binadamu huigawa pua katika sehemu ndogo kufuatana na mwanga na kivuli, na kwamba iwapo zaidi ya nusu ya sehemu moja imepotea, ni afadhali kuondoa hata ile ngozi nzima iliyobaki na kuijenga sehemu yote upya ili kovu liangukie mpakani. Kumkata mgonjwa zaidi ili apone vizuri zaidi ni uamuzi mzito, unaohitaji mtu aliyewahi kuona matokeo ya njia zote mbili. Mbinu yenyewe ya paji la uso, hata hivyo, ni ya kale mno, nayo haikutoka Ulaya. Wahindi walikuwa wakijenga pua tangu zama za kitabu cha tiba kinachohusishwa na mganga Sushruta, na mwaka 1794 jarida moja la London lilichapisha habari za mwendesha mkokoteni wa ng'ombe wa jeshi la Waingereza, aliyeandikwa kwa jina la Cowasjee, ambaye alikatwa pua na watu wa mtawala wa Kihindi Tipu Sultan na kujengewa nyingine karibu na Pune kwa ngozi ya paji lake. Daktari wa London Joseph Carpue aliifanyia mazoezi njia hiyo kwa maiti, akaifanya kwa mgonjwa mwaka 1814, na tangu hapo ikasambaa Magharibi.

Taaluma ya kisasa ilizaliwa vitani. Katika mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza askari alichomoza kichwa kabla ya kiwiliwili, hivyo risasi na vipande vya mabomu vilirarua nyuso kwa wingi usiopata kuonekana. Harold Gillies, daktari wa masikio, pua na koo aliyezaliwa Dunedin, New Zealand, mwaka 1882, ndiye aliyeishawishi serikali ya Uingereza kufungua hospitali maalumu ya majeruhi hao huko Sidcup mwaka 1917, ambako waganga wa meno, wachoraji na madaktari wa dawa ya usingizi walifanya kazi pamoja naye. Hospitali hiyo ilikuwa na sehemu za Waingereza, Wakanada, watu wa New Zealand na Waaustralia. Sehemu ya Waaustralia iliongozwa na Henry Simpson Newland wa Adelaide, na mchoraji Daryl Lindsay alizichora nyuso za askari wa nchi yake kabla na baada ya upasuaji ili madaktari wajifunze kutokana na michoro hiyo. Katika barabara ya kuelekea mjini yalipakwa rangi ya buluu mabenchi waliyokalia majeruhi, ili wapita njia wajue mapema na wasishtuke. Huruma hiyo ilikuwa na ukatili ndani yake, na inaonyesha kwamba jeraha la uso humtenga mtu hata pale lisipomuuma tena.

Historia hiyo inaigusa Afrika Mashariki kwa namna ambayo wasomaji wengi hawaijui. Archibald McIndoe, jamaa wa Gillies na mzaliwa wa Dunedin vilevile, aliwatibu marubani walioungua katika Vita Kuu ya Pili huko East Grinstead, Uingereza, na wagonjwa wake wakaunda chama chao wenyewe mwaka 1941. McIndoe aliwapeleka mjini kunywa chai na kucheza dansi wakiwa bado na nyuso zilizofanyiwa kazi nusu, akawataka wenyeji wawatazame bila kugeuza macho, kwa kuwa aliamini kwamba upasuaji haukamiliki mpaka mgonjwa arudi kwa watu. Baadaye yeye, mwanafunzi wake Michael Wood aliyekuwa akifanya kazi Kenya, na Tom Rees wa New York, wote watatu wakiwa madaktari wa upasuaji rekebishi, walipanga chini ya Mlima Kilimanjaro huduma ya kuwafikia wagonjwa wa vijijini kwa ndege. Huduma hiyo ilianza mwaka 1957, nayo ndiyo inayojulikana leo kwa jina la Amref. Wazo la daktari kusafiri kwa ndege lilikuwa limekwisha kujaribiwa Australia, ambako mchungaji John Flynn alianzisha huduma ya namna hiyo Cloncurry, Queensland, mwaka 1928.

Huko Australia kwenyewe hatua kubwa iliyofuata ilitoka Melbourne, ambako Ian Taylor alionyesha mwaka 1975 kwamba ule mfupa mwembamba ulio pembeni mwa muundi, ambao mtu anaweza kutembea bila sehemu yake kubwa, unaweza kuhamishwa pamoja na mishipa yake ya damu na kuunganishwa mahali pengine chini ya hadubini. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 mfupa huo umekuwa ukitumiwa kujenga taya lililoondolewa kwa sababu ya saratani: hukatwa pingili, hupindishwa kufuata umbo la kidevu, na mishipa yake yenye upana wa milimita mbili au tatu hushonwa kwenye mishipa ya shingo. Sydney ilipata sifa katika eneo hili kupitia hospitali ya Royal Prince Alfred na daktari wake Chris O'Brien, bingwa wa saratani za kichwa na shingo, aliyefariki mwaka 2009 kwa uvimbe wa ubongo baada ya kupigania ujenzi wa kituo cha saratani ambacho kilifunguliwa mwaka 2013 kikiwa na jina lake. Upasuaji wa namna hiyo unaweza kuchukua siku nzima, timu moja ikiwa mguuni na nyingine shingoni, na unapokwisha ndipo zamu ya wauguzi huanza, kwani katika siku za mwanzo hukikagua kipande kilichohamishwa karibu kila saa, rangi yake na joto lake, wakijua kwamba mshipa ukiziba na mgonjwa asirudishwe mara moja chumba cha upasuaji, kazi yote itapotea.

Daktari huyohuyo, siku nyingine ya wiki, huwa katika kliniki ya binafsi akifanya upasuaji wa urembo, ambao bima ya afya ya taifa, Medicare, haiulipii. Mchanganyiko huu si aibu. Mtu aliyejifunza kujenga pua iliyopotea ndiye anayestahili kuaminiwa na pua nzima. Shida iliyoikumba Australia ilitoka kwingine. Kwa miaka mingi sheria ililinda jina la ubingwa wa upasuaji rekebishi lakini haikulinda neno la jumla la daktari mpasuaji, hivyo daktari yeyote aliyesajiliwa, hata asiye na mafunzo ya ubingwa wa upasuaji, aliweza kujitangaza kuwa mpasuaji wa urembo, na mgonjwa hakuwa na njia rahisi ya kutofautisha. Oktoba 2021 shirika la utangazaji la taifa, ABC, lilirusha kipindi cha uchunguzi kilichoonyesha wagonjwa waliodhurika katika kliniki za aina hiyo. Mapitio huru yaliyochapishwa mwaka 2022 yalithibitisha udhaifu wa usimamizi, na kuanzia tarehe 1 Julai 2023 yakaanza kutumika masharti mapya: mgonjwa lazima awe na barua ya rufaa kutoka kwa daktari wa kawaida asiyefanya upasuaji wa urembo, aonane na wahusika angalau mara mbili kabla ya kukubali, na baada ya kutoa ridhaa zipite siku zisizopungua saba kabla ya upasuaji kupangwa au malipo ya awali kuchukuliwa. Septemba mwaka huohuo Bunge la Queensland, lililopewa jukumu la kutunga sheria ya pamoja ya wataalamu wa afya, lilipitisha marekebisho yanayolilinda jina la daktari mpasuaji, na anayelitumia bila kustahili anaweza kutozwa faini ya hadi dola 60,000 za Australia au kufungwa miaka mitatu. Hatua hizi ni za haki, lakini zilichelewa. Watu walikuwa wamekwisha kulipa kwa miili yao gharama ya neno moja lililoachwa bila mwenyewe.

Masharti hayo pia yanamtaka daktari kumchunguza mgonjwa kwa ajili ya ugonjwa wa akili ambao mwenye nao huona kasoro kubwa usoni mwake mahali ambapo wengine hawaoni kitu. Mtu wa namna hiyo hatulizwi na kisu, bali kila upasuaji humwongezea sababu ya kutaka mwingine, na wajibu wa daktari ni kumkatalia kwa upole na kumwelekeza kwa wataalamu wa afya ya akili. Kukataa ni sehemu ya ufundi, tena sehemu ngumu, kwa kuwa haina malipo. Uangalifu wa aina nyingine unahitajika kwa wagonjwa wenye ngozi nyeusi, wakiwemo maelfu ya Waafrika wanaoishi magharibi mwa Sydney katika maeneo kama Blacktown, kwa sababu ngozi hiyo ina mwelekeo mkubwa zaidi wa kuota keloidi, yaani kovu linalovimba na kuenea kuvuka mipaka ya jeraha, hasa masikioni, kwenye taya na kifuani. Ni jambo la lazima kwa mgonjwa huyo kuulizwa mapema kuhusu makovu yake ya zamani, na ni haki yake kulitaja asipoulizwa.

Kuna mahali ambapo uzoefu wa Sydney na ule wa Afrika Mashariki hukutana moja kwa moja. Watu wenye ualbino, ambao nchini Tanzania wanakadiriwa kuwa takriban mmoja kati ya kila watu 1,400, hushambuliwa na saratani ileile ya jua, kwenye masikio, pua na midomo, tena wakiwa na umri mdogo kuliko wazee wa Sydney. Hospitali ya KCMC mjini Moshi, ambako kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992, huwatibu wagonjwa hao na imekuwa na mradi wa kutengeneza palepale mafuta ya kukinga jua yanayofaa ngozi zao. Kile kinachokosekana ni idadi ya mikono: daktari wa upasuaji rekebishi katika nchi zetu huitwa kwa majeraha ya moto ya jikoni, mdomo sungura, uvimbe mkubwa wa taya unaofika hospitalini baada ya miaka, na ajali za bodaboda, yote kwa pamoja. Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao makuu Arusha, huwafundisha mabingwa hao wakiwa kazini katika hospitali za kanda hii, miaka miwili ya misingi ya upasuaji na miaka mitatu ya ubingwa, muda uleule wa miaka mitano anaoutumia mwenzao wa Sydney.